Waliojenga Chelyabinsk Ndani ya Seng'enge

Wiki iliyopita nilimsikiliza msomi mmoja redioni akieleza jinsi Urusi ilivyopata viwanda vyake, naye alipofika kwenye habari za Chelyabinsk, mji wa viwanda ulio karibu na milima ya Ural, alisema tu kwamba "mpango ulitekelezwa," kisha akapita. Maneno hayo yameniuma hadi leo, maana mpango hauchimbi msingi wala hauyeyushi chuma.

Sikatai kwamba kazi kubwa ilifanyika. Mji huo ulioanza mwaka 1736 ukiwa ngome ulichangamka reli ilipoufikia mwaka 1892, na tarehe 1 Juni 1933 kiwanda chake cha matrekta kikafunguliwa. Vita vilipoingia mwaka 1941, mitambo na mafundi wa Leningrad na Kharkiv walihamishiwa hapo, matrekta yakapisha vifaru, na watu wakauita mji Tankograd, yaani Mji wa Vifaru. Bila vifaru hivyo Hitler asingerudishwa nyuma kwa urahisi, hilo nalikubali.

Lakini kiwanda cha kuyeyusha chuma, kilichotoa chuma cha pua cha kwanza tarehe 19 Aprili 1943, kilijengwa na nani? Kilijengwa na makumi ya maelfu ya raia wa Kisovieti wenye asili ya Kijerumani, wengi wao watu wa bonde la mto Volga, ambao wazee wao walikaribishwa huko tangu enzi za Catherine wa Pili, malkia wa Urusi. Agosti 1941 amri ya serikali iliwang'oa makwao, na mwaka uliofuata wanaume wakaandikishwa katika lililoitwa jeshi la kazi, wakafungiwa ndani ya seng'enge chini ya askari wenye bunduki, kosa lao likiwa ni ukoo. Walichimba udongo ulioganda kwa sululu na koleo. Mkate ulipimwa kwa kazi: aliyeshindwa kufikisha kiwango alipunguziwa, na kwa kuwa alikula kidogo, kesho yake alishindwa zaidi, mpaka wenzake wakambeba kwenda kumzika. Historia ya uchumi inayohesabu tani za chuma na kumwacha mtu huyo nje haijakamilika, nami namsihi msomi yule amtaje siku atakaporudi redioni.

Vita vilipokwisha, waliosalia hawakuachiwa. Waliendelea kuripoti kwa kamanda aliyewasimamia huko walikohamishiwa hadi amri ya Desemba 1955, na hata amri hiyo ilitamka kwamba hawana haki ya kurudi walikotolewa.