Ilikuwa kanga, si gauni, na sikuzimia

Kabla sijaanza, tuwekane sawa. Sikuvaa gauni la bibi harusi. Ilikuwa kanga, kanga ya dada yangu, na nilijifunga kifuani nikiwa chumbani kwangu, komeo limepigwa. Na sikuzimia. Nilikaa chini kwa hiari yangu baada ya miguu kuomba ruhusa. Hayo mengine mnayotumiana tangu Alhamisi ni chumvi ya shika-taa wangu, kijana anayenishikia taa nikipiga video za harusi, ambaye kila shughuli anakula kabla ya wageni na nauli ya bodaboda namlipia mimi. Nimeona bora niseme mwenyewe, maana jana muuza mihogo wa kona ameniita "bibie" mbele ya watu, na watu wakaitika.

Mzizi wa yote ni Bi Mkubwa mmoja wa Makorora, hapa hapa Tanga. Namwita Bi Mkubwa kwa heshima na kwa woga, kipimo kilekile. Mwaka juzi nilimpigia video ya harusi ya binti yake wa kwanza, akabakiza elfu themanini. Kila nikipita kuulizia: "Mwezi ukiandama, mwanangu." Miezi imeandama, imekuwa mipevu, imekufa, imeandama tena, mimi na elfu themanini yangu hatujaonana. Binti wa pili alipoposwa akaniita tena. Nikaenda. Mnaniuliza kwa nini nilienda? Kwani nyinyi hamlipi kodi?

Harusi ikapendeza, sitaki uongo. Kesha, ndoa, pilau, bibi harusi kupandishwa gari, vyote nikavimimina kwenye eksteno yangu, diski ya nje ya kompyuta, nyeusi, ya terabaiti moja, ile iliyobeba harusi za nusu ya Ngamiani. Memori kadi nikazifuta Jumapili ileile kwa sababu Jumatatu nilikuwa na kazi Muheza. Najua mnachotaka kusema. Fundi keshakisema, mama keshakisema, hata mtoto wa jirani keshakisema.

Sasa eksteno iko ukingoni mwa kitanda, inahamisha faili, kitaa chake kinapepesa. Nje akapita mtu wa kahawa anagonganisha vikombe. Nikainuka. Waya ukanasa kidole gumba cha mguu. Kitanda chenyewe hakinifiki magotini, na sakafu nimetandika busati, lakini mlio niliousikia pale chini nausikia mpaka leo. Nikaichomeka tena. Tk. Kimya. Tk. Tk. Kama mjusi wa ukutani anayemsonya mtu.

Kompyuta ikafikiri, ikafikiri, ikaniandikia kuwa diski hii huwezi kuitumia mpaka uifomati, je, ungependa kuifomati? Mimi nimelelewa kwa adabu. Mkubwa akiuliza kwa upole namna ile, mtu hujibu ndiyo. Nikabonyeza ndiyo.

Na hapo, wadau, ndipo mtu mwenye akili angeacha. Mimi nikakumbuka niliwahi kusikia kuwa diski ikigonga, ilaze kwenye friza usiku mmoja itapona. Friza la nyumbani ni la mama, anauzia barafu za ukwaju, na siku hiyo mlikuwa na pweza wa Bi Shangazi amewekwa akiba. Nikaifunga eksteno kwenye mifuko miwili ya nailoni, nikailaza ubavuni mwa pweza, nikasoma dua, nikalala. Asubuhi niliitoa ikiwa nyeupe kwa baridi. Nikaichomeka. Ikatoa jasho. Hiyo tk tk yenyewe ikapungua, nikafurahi, kumbe ilikuwa inachoka.

Nikapanda baiskeli hadi kwa fundi, barabara ya 12. Ni kijana mpole, haongezi sauti hata akitukana. Alipofungua mfuko akanusa kwanza.

"Kaka, hii ilikuwa baharini?"

"Ilikuwa kwenye friza."

Akaiweka mezani taratibu, kama mtu anayelaza maiti, akaanza kunieleza. Kwamba ndani mna visahani vinazunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu ya visahani kuna kichwa kidogo kinachosoma bila kugusa, kinaelea, na nafasi iliyopo kati yao ni ndogo kiasi kwamba unywele wa mtu ukilala pale ni kama gogo la mnazi limelala barabarani. Kwamba ilipoanguka, kichwa kiligonga. Kwamba kila nilipoiwasha tena nilikuwa nakikwangua kisahani. Kwamba ukiitoa kwenye baridi na kuileta kwenye joto la Tanga, unyevu unageuka matone mle ndani kama kwenye chupa ya soda, "na wewe ukaiwasha ikiwa hivyo." Akanyamaza kidogo. "Halafu ukaifomati?"

"Kabla ya friza."

"Kabla ya friza," akarudia, kama anayeandika cheti cha kifo.

Lakini bahati ninayo jamani, haba lakini ninayo. Kichwa hakikuwa kimekufa, kilikuwa kinasuasua. Kingekuwa kimekufa kabisa, alisema, hapo ni kupeleka kwa wenye chumba kisicho na vumbi, na bei yake ningeuza baiskeli na mwenye baiskeli. Akaniagiza diski mpya, akaziunganisha zote mbili, akawasha programu ya kunakili diski mbovu iitwayo ddrescue. Nilipenda tabia yake: inachota kwanza panaposomeka, ikifika penye ubishi inaruka, inaendelea mbele, halafu mwisho ndiyo inarudi kubembeleza palepale palipokataa. Na kila inapofika inaandika kwenye daftari lake. Umeme ulikatika mara mbili, na mara zote mbili ikaanzia ilipoishia. Ningekuwa nadai watu kwa utaratibu ule ningekuwa na ghorofa Raskazone.

Siku tatu usiku na mchana. Mimi kwa Bi Mkubwa nasema video inapikwa. "Inapikwa kwa kuni?" ananiuliza kwenye simu.

Siku ya nne, Alhamisi, fundi akaniita. Nakala imepatikana karibu yote. Tatizo, kwa sababu ya utiifu wangu wa kubonyeza ndiyo, orodha ya faili haipo, kwa hiyo anatumia programu nyingine, PhotoRec, inayopita kwenye nakala ile na kuokota chochote chenye sura ya picha au video. Majina hairudishi. Kila kitu kinatoka na herufi f na tarakimu. Kujua ni nini, ufungue utazame.

Nikiwa pale nimeinama, mlango ukaingia giza. Bi Mkubwa. Nyuma yake mashangazi wawili wa bibi harusi, na nyuma yao shika-taa wangu, aliyewaleta.

"Shikamoo Bi Mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Tumekuja kuonja hicho chakula kinachopikwa."

Fundi, mpole wa watu, akawapa viti. Akafungua faili moja. Sufuria la pilau linafunuliwa. Wakaguna kwa raha. Akafungua ya pili: mkono wa bibi harusi wenye hina, karibu kabisa, mpaka vinyweleo vinaonekana. Shangazi mmoja akapiga kigelegele, Bi Mkubwa akajifuta jicho kwa ncha ya mtandio, akatoa simu akampigia binti mwenyewe, ambaye yuko na mumewe Maskati. Simu ikaelekezwa kwenye kioo cha kompyuta. "Unaona mwanangu? Unaona?" Kule Maskati nako wakakusanyika. Nilihesabu vichwa vitano.

"Fungua na hiyo," Bi Mkubwa akasema, akaonyesha kwa kidole chenye pete.

Ikaanza na ukuta. Ukuta wa bluu. Nikajisemea, huu ukuta naujua. Kisha chandarua kilichofungwa fundo. Nikajisemea, na chandarua nakijua. Kisha ukaingia mguu, mguu wa kiume, una kovu la mnyororo wa baiskeli. Hapo sikujisemea kitu.

Mnisikilize hapa wadau. Mji huu ndio wa Black Star na Lucky Star, vile vikundi vya taarabu. Taarabu tumeikuta. Mtu wa Tanga kujifungia chumbani akaimba mipasho si dhambi. Niliirekodi kwa simu ile siku Bi Mkubwa aliponipiga kalenda kwa mara ya sita, nikiwa na hasira zangu, ikahamia kwenye eksteno pamoja na takataka nyingine za simu, na usiku uleule nilipoitazama nikaona aibu peke yangu, nikaifuta. Nikamwaga na pipa la kompyuta. Niliapa imekwenda.

Kanga ikaingia yote kwenye picha, na mimi ndani yake. Bi Mkubwa akasogeza miwani, akasoma maandishi kwa sauti, neno kwa neno, kama yuko darasani.

"Mdhaniaye... siye... ndiye. Kanga nzuri."

Kwenye kioo nikaanza kutembea. Mkono mmoja kiunoni. Mkono mwingine umeshika kifurushi cha funguo, nazichezesha, cheke, cheke, cheke. Ndani ya kibanda, shangazi mkubwa akatazama kioo, akatazama mkono wa Bi Mkubwa. Mkono wa Bi Mkubwa ulikuwa umeshika kifurushi cha funguo.

Nikarukia kipanya. Kompyuta ilikuwa bado inachimba faili kule nyuma, ikalemewa, mshale umegeuka kiduara kinachozunguka tu. Nabonyeza, haisikii. Nabonyeza. Haisikii. Sauti ndiyo ilikuwa nzima kabisa, haina tatizo lolote, sijawahi kupata sauti safi vile katika harusi yoyote niliyolipwa:

"Mwanangu! Laki tatu? Kwani unanipigia video au unataka nikununulie kamera? Haya, chukua hii, nyingine mwezi ukiandama."

Kutoka Maskati ikaja sauti ndogo: "Mama! Mama, huyo ni wewe!"

Nikamgeukia fundi kwa macho ya kuomba msaada. Yeye akadhani nimeuliza swali la kitaalamu. "Kufuta huwa si kufuta, kaka," akaniambia taratibu. "Ni kama umechana ule ukurasa wa yaliyomo. Kitabu chenyewe kipo, mpaka uandike kingine juu yake."

Chomoa waya! Ndiyo, sasa hivi nalijua hilo. Pale sikujua hata jina langu. Kwenye kioo nikawa nimechukua mwiko, nimeushika kama maikrofoni, nimefumba macho.

"Sinia kwa sinia pilau wagawa,
hela ya mtu wa video imeota mbawa!"

Na kiitikio nilikirudia. Kwa nini nilikirudia? Kwa sababu mara ya kwanza sauti ilinikwaruza nikataka kuiweka vizuri. Nikarudia na mabega, nikaisogelea kamera, uso ukajaa kioo kizima, nikaliramba neno "mbawa" huku namtazama Bi Mkubwa machoni, yaani mimi wa kule ndani, mimi wa nje nilikuwa natazama skrubu sakafuni. Ndipo nilipokaa. Nilikaa, nasema. Kuna tofauti kati ya kukaa na kuzimia, na shika-taa anaijua vizuri.

Ikaisha. Feni inazunguka. Hakuna aliyekohoa.

Bi Mkubwa akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Mkono wa kiuno umeupata," akasema. "Funguo umezipata. Lakini mimi siongei kwa pua."

Mashangazi ndiyo wakapasuka hapo. Mmoja alitoka nje kabisa akaegemea ukuta.

Mengine ni haraka tu. Video ya harusi imepatikana, isipokuwa dakika chache za kuingia ukumbini zilizotoka zimekatika, nitaziba kwa picha za mnato. Fundi nimemlipa laki moja na nusu, diski mpya mbali. Eksteno ya zamani iko kwenye droo, ukiifungua droo bado unasikia pweza, na mama ametangaza kuwa friza lake si hospitali. Sasa kila harusi naiweka mahali pawili, na memori kadi siigusi mpaka mteja awe ametazama. Bi Mkubwa aliomba nakala mbili kwenye flashi, moja ya harusi na moja ya ile nyingine, akasema ile nyingine ndiyo waliyoing'ang'ania Maskati.

Kisha akafungua pochi, pale pale mbele ya wote. Akahesabu noti tatu za elfu kumi, akaziweka juu ya meza.

"Hii thelathini," akasema. "Hamsini mwezi ukiandama, mwanangu."

Mwezi umeandama juzi. Nimeuona mwenyewe, nimesimama pale Raskazone, mwembamba kama ukucha. Nimempigia mara nne. Simu inaita tu.