Mama Yake Yuko Wapi?

Jumanne iliyopita, mwendo wa saa tisa na nusu alasiri, mvulana wa Gredi ya Pili aligongwa na gari dogo la kijivu hatua chache kutoka steji ninayoshukia kila siku, huku Eastlands, Nairobi. Nilimkuta amelazwa juu ya leso ya muuza mboga, kiatu kimoja mguuni na kingine mtaroni, naye alikuwa akililia daftari lake lililotapakaa kurasa barabarani kuliko alivyoulilia mguu uliovunjika. Yu hai, namshukuru Mungu. Lakini kabla mtu yeyote hajauliza atapelekwaje hospitalini, nilisikia sauti tatu tofauti zikiuliza swali moja: mama yake yuko wapi?

Mama yake alikuwa kwenye genge lake, akikatakata sukuma wiki ya wateja wanaotoka kazini. Nadhani waliouliza wangependa awe amelala.

Hakuna aliyeuliza gari lilikuwa na mwendo gani. Dereva, ambaye kwa haki yake nakiri kwamba hakutoroka na ndiye aliyemkimbiza mtoto hospitalini, alikuwa akirudia neno moja tu: ghafla. Mtoto alitokea ghafla. Neno hili limewaokoa madereva wengi kuliko mkanda wa usalama, na umati hulipokea bila kulipima. Basi tulipime. Mwendo wa juu kabisa unaoruhusiwa na sheria mjini ni kilomita 50 kwa saa, yaani takriban mita 14 kwa kila sekunde. Katika sekunde moja ambayo dereva huitumia kuona, kushtuka na kuinua mguu kuelekea breki, gari limekwisha kupita urefu wa basi zima na zaidi, na breki yenyewe bado haijaanza kazi. Dereva anayeipita matatu iliyosimama mbele ya shule kwa mwendo huo amekwisha kuamua, kabla mtoto hajaonekana, kwamba hataweza kusimama. Na hiyo ghafla yenyewe ni ipi? Shule ile ipo pale tangu nilipohamia mtaa huu, na kengele hulia saa ile ile kila siku. Radi hutokea ghafla. Watoto wanaotoka shuleni hufuata ratiba.

Mtoto wa miaka saba, akisimama nyuma ya matatu, haoni gari wala gari halimwoni. Hata akiliona, bado hajakomaa kiasi cha kukadiria mwendo na umbali wake, na hilo si suala la malezi. Binti yangu alikuwa akiikariri kanuni ya kuvuka barabara kama shairi, tazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, hadi siku upepo ulipopeperusha kofia yake. Nilimdaka kwa ukosi wa sweta. Mkono wangu mwingine ulikuwa umeshika simu, na laiti ningechelewa kidogo, ningeulizwa swali lile lile.

Kwa hiyo nakubali, shingo upande, kwamba mzazi ana sehemu yake. Lakini sehemu hiyo si ya kutajwa kwanza, wala haimpunguzii chochote aliyeshika usukani wa chuma kizito namna ile. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema kwamba aliye chini ya miaka 12 hawezi kubeba lawama ya jinai. Mvulana yule angeiba embe, hakuna mahakama ambayo ingemtia hatiani. Amevuka barabara kwenda kwa mama yake, na umati umemhukumu kabla hajainuliwa kutoka chini. Familia ikidai fidia, wakili wa bima naye huja na hoja kwamba mtoto abebe asilimia fulani ya kosa. Ufaransa walikwisha kulimaliza jambo hili mwaka 1985: mtembea kwa miguu wa chini ya miaka 16 akigongwa na gari hulipwa fidia ya majeraha yake bila kosa lake kuhesabiwa, isipokuwa iwe alijiumiza makusudi. Sijui kwa nini sisi tunaona aibu kuwa na huruma iliyoandikwa.

Kuhusu waliochora barabara yenyewe, nitasema machache kwa sababu hasira itanipeleka mbali. Rangi ya kivuko imefutika. Daraja la wapita njia liko hatua 612 kutoka lango la shule. Nilizihesabu mwenyewe Jumatano, kwa miguu yangu mirefu. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari na watoto hukutana, na tuta moja la lami lingetosha kulazimisha mwendo huo. Bodaboda wanaopita juu ya kijia cha miguu watapata makala yao siku nyingine.

Mvulana amerudi nyumbani na plasta hadi kwenye paja. Mama yake sasa hufunga genge adhuhuri ili akae naye, na wateja wa jioni, walio wengi zaidi, wamehamia kwa jirani. Jana nililiona gari la kijivu likipita pale kwa mwendo ule ule, likiwa na taa mpya ya mbele.