Leseni za katuni: mwenye mhusika na muuza mabegi wa Mombasa

Shule zinapokaribia kufunguliwa, maduka ya Mombasa, kuanzia Marikiti hadi Mwembe Tayari, hujaa mabegi, chupa za maji na madaftari yenye sura za wahusika wa katuni za televisheni, na muuzaji mkweli atakiri kwamba si zote zilizotengenezwa kwa ruhusa ya wenye wahusika hao. Wapo wanaouita huu wizi mtupu, na wapo wanaouona kuwa ni riziki isiyomdhuru mtu. Kila upande una hoja, ila uzito wa hoja hizo hauonekani mpaka mtu ajue jinsi biashara yenyewe inavyoendeshwa.

Studio kwa kawaida haishoni begi wala haifinyangi mwanasesere. Huuza leseni, yaani ruhusa ya kutumia jina na sura ya mhusika kwenye aina fulani ya bidhaa, katika nchi zilizotajwa na kwa muda uliowekwa. Mwenye leseni hulipa mrabaha, yaani malipo kwa mwenye haki kwa kila bidhaa inayouzwa, ambao mara nyingi ni sehemu ya bei ya jumla, na juu ya hapo huahidi kima cha chini atakachokilipa hata bidhaa zikimdodea. Hupewa pia mwongozo unaoeleza rangi na mikao ya mhusika, na sharti sampuli ya kila bidhaa ikaguliwe kabla ya kuingia sokoni.

Wenye studio wana sababu ya kuulinda mpango huu. Katuni ni kazi ya gharama kubwa, na ada inayolipwa na kituo cha televisheni mara nyingi haitoshi kuirudisha. Pengo huzibwa na vikombe, nguo na vitu vya kuchezea. Mwaka 2019 Hasbro, kampuni ya vitu vya kuchezea ya Marekani, ilikubali kuinunua Entertainment One, iliyokuwa na haki za katuni ya watoto Peppa Pig, kwa takriban dola bilioni 4, na ni vigumu kuamini kwamba ilivutiwa na ada za matangazo pekee. Kuna na suala la usalama: mwenye jina huogopa kashfa, kwa hiyo hukagua rangi na vipande vidogo ambavyo mtoto anaweza kuvimeza. Begi au mwanasesere bandia hana wa kulalamikiwa.

Hata hivyo, fedha hizo hizo zina namna ya kuipindua kazi yenyewe. He-Man, shujaa wa katuni, alikuwa sanamu ya kuchezea ya kampuni ya Mattel dukani kabla ya kipindi chake kuanza mwaka 1983, na kipindi kikaja kumuuza. Malalamiko juu ya vipindi vya aina hiyo yalichangia kupitishwa kwa sheria ya Marekani ya 1990 iliyoweka mpaka wa dakika za matangazo katika vipindi vya watoto: 10.5 kwa saa mwisho wa wiki na 12 siku nyingine. PAW Patrol, katuni ya watoto wa mbwa waokoaji iliyoanza 2013, ni mali ya Spin Master ya Kanada, ambayo nayo ni kampuni ya vitu vya kuchezea. Kila mtoto wa mbwa ana gari lake na kazi yake, na kila gari linaweza kuuzwa peke yake. Sisemi kwamba kipindi hicho ni kibaya, kwani watoto wanakipenda kwa haki. Ila hadithi inayohitaji gari jipya kila msimu haiongozwi na mwandishi peke yake.

Tukirudi Mombasa, hoja inayosikika sana kwamba watu wetu hawaheshimu alama za biashara haina mashiko. Katika Barabara ya Biashara, wanunuzi wa kanga wamezoea kwa vizazi kutafuta pindoni maandishi ya “Mali ya Abdulla”, alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak, na hulipia tofauti ya ubora bila kuhimizwa na askari. Kinachokosekana kwenye mabegi ni mlango wa kuingilia. Kima cha chini kimepangwa kwa kuwafikiria wenye viwanda vikubwa, na fundi mwenye cherehani tatu hana mtu wa kumwendea hata akitaka kulipa. Sheria ya Kenya ya 2008 dhidi ya bidhaa bandia inaruhusu mzigo kukamatwa, lakini kwa desturi anayekutwa nao ni mwenye duka, huku kiwanda kilichochapa kikiwa ng'ambo.

Pamoja na hayo, siwezi kukubali kwamba uigaji haumdhuru mtu. Studio kubwa itaumia kidogo na kuendelea. Ubongo ya Tanzania, inayotengeneza katuni ya Akili and Me, au kijana wa Nairobi mwenye mhusika mmoja tu, hana jeshi la mawakili. Sura ya mhusika wake ikichapwa ovyo, hupoteza pato ambalo lingelipia vipindi vijavyo. Mwigaji hachagui kumwibia tajiri peke yake.

Kwa hiyo naegemea kwenye leseni ndogo: badala ya kima cha chini, fundi anunue mapema lebo zenye namba na ashone moja kwenye kila begi. Wenye haki watauliza ni nani atakayekagua mafundi mia moja waliotawanyika mjini, na swali hilo ni la haki, ingawa lebo iliyolipiwa kabla hupunguza haja ya kukagua mauzo. Ugumu uliobaki ni wa bei, kwa sababu lebo ikizidi kile ambacho mzazi yuko tayari kuongeza juu ya bei ya begi bandia, fundi atarudi kuchapa bila lebo.