Waksi ya baridi ya Ulaya ndiyo inayoifaa kusi yetu

Jumapili nilipita kwa jirani yangu hapa Shangani Mtwara, mwalimu mstaafu, nikamkuta kasimama mbele ya gari yake mikono kaiweka nyuma anaiangalia tu. Gari yenyewe kainunua kwa kiinua mgongo. Miaka mitatu iliyopita ilikuja nyeusi unaweza kujitazamia uso, leo paa limebabuka, kliya, lile tabaka angavu la juu ya rangi, inatoka vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua, boneti imepauka imekuwa kijivu. Nikamwamkia shikamoo mwalimu, akaitikia marahaba mwanangu, alafu akaniuliza, "Hivi hii gari nimeikosea nini? Mbona kila Jumamosi naiosha?"

Nilikosa pa kuanzia, maana huko kuiosha nako kumechangia na hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Ila kilichoniudhi hasa ni alichonisimulia baadaye. Anasema mwaka ule wa kwanza alienda dukani akaomba waksi inayodumu, akaona kopo lina picha ya theluji, akalishika, muuzaji akamwambia mzee hiyo acha, hiyo ni ya baridi ya Ulaya, huku joto haina kazi, chukua hii ya kupulizia inang'arisha papo hapo. Mwalimu wa watu akachukua ya kupulizia. Ikang'aa wiki mbili.

Jamani. Sasa hebu tuulizane, huko Ulaya na Japani kaskazini waksi ya baridi inazuia nini? Theluji yenyewe sio adui mkubwa wa rangi. Adui ni chumvi. Barabara zao zikiganda wanamwaga chumvi ili barafu iyeyuke, magari yanapita yanarushiwa maji ya chumvi kuanzia Novemba mpaka Machi huko, na kwa sababu kuna baridi kali mtu hawezi kukaa nje kupaka waksi kila mwezi, ndiyo maana anatafuta ile ambayo ataipaka mara moja kabla ya baridi na itamfikisha upande wa pili. Hiyo ndiyo maana nzima ya "ya baridi" pale kwenye kopo, yaani inayovumilia chumvi muda mrefu bila kurudiwa rudiwa.

Na sisi tunaishi wapi? Pwani ya kusini kuanzia Mtwara mpaka Kilwa watu wana mashamba ya chumvi, wanayaingiza maji ya bahari, jua linayakausha, wanabaki na chumvi ya kuuza. Bahari ni hiyo hiyo. Kusi ikianza kuvuma inatoka baharini inakuja na ule unyevu wenye chumvi, unatua kwenye boneti usiku na umande, asubuhi jua linaukausha, kesho yake tena. Na ubaya wa kusi inavuma miezi ambayo mvua hakuna. Huku kwetu mvua ikishakata mwezi wa tano ndio basi mpaka Novemba huko, hakuna cha kusuuza gari zaidi ya ndoo yako mwenyewe. Wao wana miezi minne mitano ya chumvi, na sisi tunayo kama hiyo hiyo, tena sisi tumeongezewa jua. Kwa hiyo mtu akiniambia waksi ya baridi haina kazi Mtwara naona kabisa anamwangusha mteja wake.

Tena kuna salfa. Juni mpaka Agosti ukipita Naliendele, Nanyamba, Tandahimba huko, watu wanaipulizia mikorosho kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiriunga, unarudi mjini gari ina unga wa njano. Naomba sana msiufute mkavu na kitambaa, wala vumbi lolote. Mimina maji kwanza liondoke lenyewe. Ile mikwaruzo midogo midogo ya duara unayoiona gari ikiwa juani inatokana na kufuta vumbi kavu. Waksi nzuri inasaidia hapa, uchafu unashika kidogo na maji yanaondoka nao.

Sasa kuchagua. Mimi naangalia vitu viwili tu, inadumu miezi mingapi na je mtu wa kawaida asiye fundi anaweza kuipaka asiharibu. Kung'aa naweka mwisho kabisa. Waksi ya karnauba tupu, ambayo inatoka kwenye majani ya mti fulani wa jamii ya mnazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili, inapendeza mno kwenye gari nyeusi na sibishi, na ni ngumu pia, inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 80 kuyeyuka wakati nta yetu ya nyuki inayeyuka kwenye 62 au 64 hivi. Lakini kwenye gari inayolala nje ni ya wiki kadhaa, ukibahatika miezi miwili mitatu. Anayetaka ifike Oktoba atafute ya polima, yaani ya kutengenezwa kiwandani, au ile iliyochanganywa.

Mimi natumia Fusso Coat ya Soft99, ya Japani, kopo la gramu 200, wenyewe wanaandika miezi 12. Kwa kuendesha Mtwara na Lindi na kulaza gari karibu na bahari mimi sijawahi kuifikisha mwaka, ila kusi nzima inamaliza na maji bado yanajikusanya matone kama juu ya jani la gimbi. Kuna ya magari meupe na ya magari ya giza, angalia kopo kabla hujalipa. Wamarekani wana Collinite, ile 476S ya kopo ni ngumu kwelikweli inadumu, ila ukiipaka nene utalia wakati wa kuifuta. Ile 845 ya chupa ni laini zaidi kwa anayeanza, na wanaoishi kwenye baridi inawagandia kwenye chupa mpaka waipashe kwenye maji ya moto, kwa joto letu hilo tatizo halipo kabisa. Seramiki, ile ya maji inayokauka ikawa tabaka gumu juu ya rangi, ni habari nyingine, hiyo inataka mtu aliyejifunza na rangi iliyoandaliwa, na hela.

Nakubali bei. Kopo la maana linauma ukilinganisha na chupa ya kupulizia, na kwa mwenye bodaboda na gari ya biashara najua kila shilingi ina kazi yake. Lakini kopo moja linapaka gari mara nyingi sana kama unapaka kama inavyotakiwa, tabaka jembamba mpaka unajiuliza kama umepaka. Watu wengi wanafeli hapa, wanachota kama wanapaka siagi kwenye mkate, ikikauka inakuwa plasta, wanasugua mpaka mkono unakufa ganzi alafu wanasema waksi ngumu hii.

Nafanya hivi. Saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijatoka vizuri, au jioni, maana boneti ikiwa ya moto waksi inakaukia hapo hapo na haitoki. Weka kiganja, kikistahimili bila kusikia joto endelea. Naosha na shampuu ya gari, na hapa ndipo alipokosea mwalimu wangu bila kujua, kila Jumamosi alikuwa anatumia sabuni ya unga ya kufulia, na sabuni ile kazi yake ni kutoa mafuta, kwa hiyo hata kile kidogo alichopaka kilikuwa kinaondoka na povu. Nakausha. Napaka mlango mmoja, nasubiri dakika kama tano mpaka kumi, nikipitisha kidole kikaacha njia safi nafuta na taulo ya maikrofaiba, nahamia mlango unaofuata. Kama huna maikrofaiba khanga ya pamba iliyofuliwa ikalainika inafaa, bora isiwe na mchanga. Gari nzima saa moja na nusu.

Chini ya gari waksi haifiki, hilo niseme wazi. Kutu ya chasisi inataka kusuuzwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila mara, hasa nyie mnaoshuka na magari mpaka mchangani Msimbati, na ukinunua gari iliyotoka Japani mwambie fundi aiangalie chini kabla ya kitu kingine maana nyingine zimeshakula chumvi ya huko kabla hazijafika kula ya kwetu. Na kliya iliyokwisha kufa hairudi kwa waksi yoyote duniani, hapo ni fundi rangi tu.

Hilo nilimwambia mwalimu na niliona uso wake ulivyobadilika. Paa na boneti vimeenda. Lakini milango yote minne na buti bado kliya ni nzima, nilipapasa mwenyewe, na sasa hivi ndio mvua zinakata. Jumamosi hii saa kumi na mbili nakwenda kwake na kopo langu, tutaanzia mlango wa dereva. Nimemwomba ile sabuni amrudishie mama wa kufulia nguo.