Tukiliachia soko usafiri wote, wa mlimani atapandishwa na nani?

Kuna hoja naisikia sana siku hizi, kwamba kwenye usafiri serikali ikae pembeni iwaachie kampuni binafsi na watu wa app, maana kila inachoshika kinachelewa. Ukweli upo humo. Bogotá, mji mkuu wa Colombia, walipoanzisha TransMilenio mwaka 2000, mabasi yenye njia yake peke yake, mpango ulikuwa kufikia kilomita 388 na hata nusu haijafika mpaka leo. Wanaolalamikia hilo wana haki kabisa.

Ila hizo app zenyewe zimesimama juu ya nini? GPS, ule mfumo wa satelaiti unaoonyesha ulipo, ni mradi wa jeshi la Marekani, umejengwa kwa kodi, na mpaka Mei 2000 raia walikuwa wanapewa mawimbi yaliyopunguzwa usahihi makusudi, serikali ilipoacha kufanya hivyo ndo ramani ikaanza kujua uko mtaa gani. Wenye app za kuita teksi walikuja baadaye wakakuta kazi ngumu imeshalipiwa.

Kinachoniuma zaidi lakini ni usawa. Kampuni inafuata abiria wenye hela, siilaumu, biashara ndo ilivyo. Sasa angalia Medellín, mji mwingine wa Colombia, kule mtaa wa Santo Domingo juu mlimani, mwinuko mkali, watu wa kipato cha chini, na magenge yalishatawala miaka mingi. Mwekezaji gani angepeleka pesa zake huko? Mwaka 2004 mji ukazindua Metrocable, vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, vinashusha watu mpaka stesheni ya treni, na tiketi ni hiyohiyo moja. Mimi hapo kwenye tiketi ndo huwa nakwama, maana vibanda vya waya vilikuwepo zamani tu kwenye milima ya watalii, ila kuamua kwamba mtu asilipe mara mbili eti kwa sababu anakaa juu, hilo ndo lilikuwa jipya. Wangetoza nauli mbili, wengi wangeendelea kuhangaika na ngazi na mabasi madogo, na mradi ungeonekana umefeli wakati waya hauna kosa lolote. Uamuzi kama ule kwenye hesabu za kampuni unasomeka hasara, anayeweza kuubeba ni mwenye mamlaka ya umma.

Marekani nako, mabasi mapya kuwekewa lifti au rampu za viti vya magurudumu ikawa lazima kwa sheria ya 1990, tena baada ya watu wenye ulemavu kuandamana na kuyazuia mabasi barabarani. Soko lilikuwa na miaka yote hiyo kufanya lenyewe.

Sisemi serikali ishike usukani wa kila basi. Kampuni ziendeshe, ila mkataba utaje njia za pembezoni ambazo lazima zihudumiwe, nauli ya kuunganisha safari, na kilomita ngapi kufikia mwaka gani, halafu uwekwe wazi kila mtu ausome. Bogotá leo wanajua kabisa wamepungukiwa kiasi gani, kwa sababu ile 388 iliandikwa.