Mwenzenu Napelekwa Kuvuta Mkokoteni

Jamani, kuna watu likizo yao ni kulala hadi saa nne asubuhi. Kuna wengine likizo yao ni ufukwe. Likizo yangu mimi ya mwaka huu iko juu ya meza ya chakula, imechapishwa kwa wino wa rangi, imebanwa pini, na ukurasa wa kwanza una herufi kubwa: SAFARI YA FAMILIA KWENYE MIZIZI YA IMANI. Chini yake, Salt Lake City mpaka Palmyra, jimbo la New York. Kwa gari. Kwenda tu ni zaidi ya kilomita 3,000, na habari za kurudi zimeandikwa mstari mmoja: "Siku za mwisho, kurejea nyumbani."

Mimi ni mtu wa Kigoma, Mkatoliki wa kubatizwa kabla sijaota meno, na hapa Utah naendesha mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani, zamu ya usiku. Mke wangu ni wa Uvira, kule Kongo. Walifika huku na mama yake kama wakimbizi, na sasa kila Jumapili anakwenda na watoto kwenye ibada ya Kiswahili ya Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale wanaoitwa Wamormoni. Mimi nawafikisha mlangoni. Sina ugomvi na watu wale, ni wema mpaka wanachosha. Ukitaja tu kwamba unahama nyumba, asubuhi wameshafika na friji yako iko mgongoni mwa mtu usiyemjua.

Ugomvi wangu ni ratiba.

Kwanza nilijaribu njia ya amani. Nikasema, Mama Furaha, kwani lazima twende mbali? Watu wanatoka Tonga na Brazili kuja kuona mji huu huu tunaolipia kodi ya nyumba. Tuanze na hekalu la hapa mjini, lile lililojengwa miaka 40, kuanzia 1853 hadi 1893. Akanijibu bila kuinua macho kwamba limefungwa tangu mwisho wa 2019, linaimarishwa lisije likaangushwa na tetemeko la ardhi. Na kweli tetemeko likaja Machi 2020 mafundi wakiwa kazini, likamdondosha malaika wa juu ya mnara tarumbeta lake. Hapo nikakosa la kusema.

Nikabadilisha silaha. Nikamkumbusha kwamba Brigham Young mwenyewe, kiongozi aliyewaleta waumini hawa huku, aliingia bonde hili tarehe 24 Julai 1847, amelala garini kwa homa, akainuka, akatazama, na wanasimulia kwamba alisema hapa ndipo. Mpaka leo tarehe hiyo ni sikukuu ya jimbo zima, maandamano na fataki. Sasa ikiwa kiongozi, tena mgonjwa, alishapima akaona hapa panatosha, sisi wazima tunatoka kwenda kutafuta nini?

"Kutafuta alikotoka," akasema, na kufungua ukurasa wa pili.

Na hapo ndipo nilipoanza kuisoma ratiba kwa makini, na nikagundua jambo ambalo naona hakuna mwingine humu ndani limemshtua. Hakuna kituo hata kimoja kwenye karatasi ile ambako waumini wa kwanza waliondoka kwa hiari yao. Ohio walikimbia. Missouri walifukuzwa. Illinois walifukuzwa tena. Missouri kuna bonde linaitwa Adam-ondi-Ahman, ambako waumini wanasema Adamu aliishi baada ya kutolewa bustani ya Edeni. Yaani hata Adamu kwenye ratiba hii amewekwa kama mpangaji aliyetolewa vyombo nje! Wenzangu kazini wanakwenda Yellowstone kuona maji ya moto yakiruka. Mimi naweka mafuta tangi baada ya tangi nikague sehemu ambazo watu walisukumwa watoke.

Nikamwambia mke wangu hivyo. Akasema kiingilio ni bure.

Jamani, hakuna neno baya kwa baba wa familia kama hilo. Pangekuwa na kiingilio ningesema hatuna hela, tukayamaliza kiungwana. Lakini karibu vituo vyote hivyo ni bure. Nauvoo, ule mji wa Illinois kando ya mto Mississippi, unapanda gari la kukokotwa na ng'ombe bure, watoto wanapewa biskuti ya tangawizi bure, wanaonyeshwa tofali linavyofinyangwa bure, na kuna wazee wastaafu waliojitolea kuacha wajukuu wao ili wakueleze kila kitu taratibu, mwanzo mpaka mwisho. Nani atasema hapana? Bei yote iko njiani. Wyoming upepo unaotikisa malori, Nebraska mahindi, Iowa mahindi, na saa inasogezwa mbele mara mbili kabla ya kufika New York. Saa hizo mbili mke wangu hakuziweka kwenye ratiba. Nilipouliza tutazitoa wapi, akasema tutaamka mapema.

Sasa nije kwenye mkokoteni.

Wyoming kuna mahali panaitwa Martin's Cove. Mwaka 1856 kanisa liliona magari ya ng'ombe ni ghali kwa wahamiaji waliokuwa wakitoka Uingereza na Skandinavia bila kitu, ikaamuliwa kwamba watembee huku wakivuta mali zao kwenye mikokoteni. Wenyewe. Kwa mikono. Mpaka 1860 karibu watu 3,000 walikuja hivyo. Msafara wa Martin ulichelewa kuondoka, mikokoteni ilikuwa ya mbao mbichi, ikaanza kupasuka kwenye ukavu, na Oktoba theluji ikawakuta huko huko. Walikufa zaidi ya watu 100 kabla waokoaji kutoka Salt Lake hawajawafikisha. Habari ya kusikitisha, na sina mzaha nayo.

Mzaha wangu ni huu: siku hizi ukifika pale unapewa mkokoteni uuvute. Kwa hiari! Bure!

Mimi huyu nimekulia sokoni. Nimevuta mikokoteni ya ndizi, ya mchanga, ya magunia ya mkaa, kwa ujira wa kununulia daftari. Nikavuka bahari, nikapata mashine inayonyanyua tani nzima kwa kidole kimoja, nikasema ahsante Mungu, mikono hii imestaafu. Sasa nisafiri siku nzima kwa mafuta yangu, nifike jangwani, nikabidhiwe mkokoteni, na natakiwa nitabasamu kwenye picha!

"Ndani ya mkokoteni munaweka nini?" akauliza mama mkwe kutoka kwenye kochi.

"Mizigo, Mama. Maji, chakula."

"Na mutu?"

Mke wangu akasema sijui, labda watoto wadogo.

"Basi nitakaa," akasema mama mkwe. "Miguu yangu ilishatembea ya kwake."

Hapo hakuna wa kumjibu, maana kweli ilishatembea. Mama huyu ametoka Uvira kwa miguu na watoto wawili na sufuria kichwani, na hakuna aliyejenga kituo cha wageni njiani. Lakini nawauliza nyie wenye wakwe: kuna mkwe gani anayeweza kumwambia mama mkwe ashuke kwenye mkokoteni? Nimebaki kuomba sheria za pale zisiruhusu.

Halafu mke wangu amesoma mahali kwamba wale wa mikokoteni waliruhusiwa mzigo wa ratili 17 kila mtu, kama kilo nane hivi, nguo na matandiko humo humo. Akapendekeza na sisi tujipime hivyo ili watoto wajifunze. Nikaunga mkono papo hapo, hoja yangu ya kwanza kukubaliana naye mwezi huu. Tukaleta mizani ya bafuni. Mfuko wake wa viatu peke yake ukapita. Lile pendekezo sijalisikia tena.

Watoto? Furaha ana miaka kumi na mitano na swali lake ni moja tu, kama huko mtandao unashika. Amani kasikia kwamba Carthage, Illinois, kuna gereza ambamo Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa lao, na kaka yake Hyrum waliuawa na kundi la watu tarehe 27 Juni 1844, na kwamba tundu la risasi bado linaonekana mlangoni, na sasa hataki kituo kingine chochote. Kila asubuhi ananiuliza kama tundu linapitisha kidole. Mdogo wao amefurahishwa na ng'ombe.

Mama mkwe ana wasiwasi wa aina nyingine. Mke wangu alikuwa akisoma kwa sauti habari za Missouri, kwamba mwaka 1838 gavana Lilburn Boggs alitoa amri kuwa watu hawa waangamizwe au wafukuzwe jimboni, na kwamba amri ile haikufutwa rasmi mpaka 1976. Mama mkwe akaweka chini sahani ya maharage aliyokuwa akichambua.

"Na sisi tunapita huko?"

"Ndiyo, Mama. Ilishafutwa zamani."

"Karatasi ya kuonyesha imefutwa, iko na wewe?"

Mke wangu akacheka. Mama hakucheka. Mtu aliyekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi akisubiri jina lake litokee kwenye orodha hacheki na habari za amri na karatasi. Basi nimepewa kazi: nitafute ile nyaraka ya 1976, niichapishe, tuiweke garini pamoja na bima. Na nitaichapisha. Akisimamisha gari trafiki wa Missouri, ataletewa leseni, kadi ya gari na msamaha wa gavana.

Ohio nimeiweka kiporo kwa sababu ndiyo inayoniuma. Kuna mji unaitwa Kirtland. Wana hekalu lao la kwanza pale, la 1836, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa mikononi mwa kanisa jingine, Community of Christ, mpaka Machi 2024 lilipouzwa kwa kanisa la mke wangu pamoja na majengo kadhaa ya Nauvoo na nyaraka za kale kwa dola milioni 192.5. Mke wangu anaitaja bei hiyo kwa fahari utadhani alichangia nusu. Sawa. Lakini mji huo huo una duka la zamani la Newel Whitney, na ghorofani kuna chumba kidogo, na ndani ya chumba hicho, tarehe 27 Februari 1833, ndipo lilipotolewa Neno la Hekima. Yaani pombe marufuku, tumbaku marufuku, na vinywaji vya moto marufuku, ambavyo kwao maana yake ni kahawa na chai.

Chai, jamani!

Wanasimulia kwamba wanaume walikuwa wanakutana ghorofani kusoma, wanavuta viko, wanatafuna tumbaku na kutema sakafuni, na Emma, mke wa Joseph, ndiye aliyekuwa akisugua. Nampa haki yake mama yule, angegoma hata kabla. Lakini tumbaku ilitema mate, adhabu ikagawanywa mpaka kwenye majani ya chai? Chai ilimkosea nani mle ndani? Nyumbani kwangu tangu mke wangu abatizwe tunakunywa maziwa yenye tangawizi, yenye iliki, yenye mdalasini, kila kitu cha chai isipokuwa chai. Nami nitaendesha gari hadi Ohio, nivue kofia, nisimame kwa heshima kwenye chumba hicho.

Bahati nzuri mama mkwe ni Mpentekoste na mnywaji. Tumeshaelewana kimyakimya. Chupa ya chai itakaa chini ya kiti chake, imefunikwa kitenge, na kila kituo cha mafuta mimi na yeye tutashuka "kunyoosha miguu".

Palmyra kwenyewe sina la kusema sana. Kuna msitu wanakosema Joseph alipata maono akiwa kijana, na kuna kilima cha Cumorah ambako wanaamini yalifukiwa mabamba ya dhahabu ambayo kwao ndiyo chanzo cha Kitabu cha Mormoni, maandiko yao. Zamani kilimani palikuwa na igizo kubwa kila kiangazi, likaisha 2019, kwa hiyo sisi tutaona kilima. Kilichonigusa ni kiwanda cha uchapaji. Nakala 5,000 za kwanza za Kitabu cha Mormoni zilichapwa pale hadi 1830, na mkulima mmoja, Martin Harris, akaweka shamba lake rehani kwa dola 3,000 ili kazi ifanyike.

"Ona mwanaume alivyojitoa," mke wangu akasema, akinitazama mimi.

"Na mkewe alisemaje?"

Akafungua ukurasa mwingine haraka. Mimi nimetafuta mwenyewe. Mkewe aliitwa Lucy, alipinga jambo lile kwa nguvu zote, na waliishia kutengana. Kuhusu rehani nimemwambia asiwe na shaka, gari letu lishakuwa la benki tangu siku tulipolinunua.

Basi yote hayo ningeyabeba. Tatizo jipya limezuka wiki hii: habari imevuja. Mke wangu alimwambia mtu mmoja tu kanisani kwamba tunapita Iowa, na Wakongo wote wa bonde hili wamegundua kwamba wana ndugu Des Moines. Sasa hivi sebuleni kuna mfuko wa dagaa, unga wa muhogo, vitenge, suti ya harusi, na sufuria ya mtu ambaye hata jina lake sijaambiwa. Dagaa, Julai, Wyoming, kiyoyozi chenyewe kinakohoa. Ratili 17 oyee!

Na jana shemeji wa Des Moines kapiga simu. Ameshanunua mbuzi. Tufike Jumamosi mchana, watu wamealikwa. Kwenye ratiba Jumamosi mchana tuko Omaha, Winter Quarters, kwenye makaburi ya waliokufa wakisubiri kuvuka nyanda. Mke wangu anasema ratiba haibadiliki. Mama mkwe anasema wa makaburini hawana pa kwenda, mbuzi ameshafungwa kamba. Wanabishana jikoni tangu asubuhi, kila mmoja ananiita nitoe uamuzi, na mimi niko hapa nje na futi ya fundi, napima kama dagaa wataenea kwenye sanduku la juu ya gari.