Kidonge cha hofu bila wakati wake ni bure

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Je, mshtuko unaweza kuondoka na nyoka akabaki akikumbukwa?

Mwaka 2000 mtafiti wa ubongo Karim Nader na wenzake waliwaamshia panya hofu waliyokwisha fundishwa, kisha wakatia kwenye amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu, dawa inayozuia utengenezaji wa protini. Hofu ikafifia. Walipochelewesha dawa kwa saa 6, haikutikisika. Maana yake, kumbukumbu ikiamshwa hulegea kwa muda, halafu hukazwa upya. Dawa inaingia kwenye mwanya huo tu.

Kwa binadamu hutumika propranololi, ile ile ya presha, kwa sababu inazuia kazi ya noradrenalini, kemikali ambayo mwili huimwaga mtu anaposhtuka. Mwaka 2015 watafiti Marieke Soeter na Merel Kindt, Amsterdam, waliwaweka waoga wa buibui mbele ya tarantula, buibui mkubwa mwenye manyoya, kwa dakika 2 hivi, kisha wakawapa miligramu 40. Waliomeza bila kumwona buibui hawakunufaika. Walioonyeshwa kwanza walianza kumsogelea, na mwaka mmoja baadaye walikuwa bado hivyo. Cha ajabu, mdomoni waliendelea kusema wanaogopa. Maneno yalikuja kufuata matendo miezi kadhaa baadaye.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoiita dawa ya kusahau. Hakuna aliyesahau buibui. Na anayemeza kidonge kila akipanda jukwaani hajafuta chochote: ametuliza tu mikono inayotetemeka.

Kazi ngumu ni kuamsha. Mtu akikutana na kile kile alichotarajia, kumbukumbu hailegei. Lazima kuwe na jambo la kumshangaza. Ukimweka mbele ya buibui muda mrefu, anajifunza somo jipya la usalama na lile la zamani linabaki chini yake, salama salimini. Mstari kati ya dakika chache na nyingi mno hauonekani kwa macho, na nadhani hapo ndipo yalipokwama majaribio mengi ya watafiti wengine ya kurudia matokeo haya. Usingizi nao una kazi: bila kulala baada ya dozi, matokeo hayaji.

Kwa hiyo usijaribu nyumbani. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua, mwenye mapigo ya polepole akazimia. Anayechoma insulini yuko pabaya zaidi: sukari ikishuka, moyo hauendi mbio wala mikono haitetemeki kumwonya. Huenda akabaki na jasho tu.